Mwalimu Aliyewaandika Wanene

Katika kila hadithi aliyoandika Mwalimu, mwanamke mwembamba ndiye aliyekuwa mbaya. Silisemi hili kwa kusikia. Hadithi zake zote nilizichapa mimi kwa vidole vyangu, na mimi ni mwembamba. Katika ya kwanza, mwembamba alimsingizia mwenzake wizi wa sufuria. Katika ya pili alimwaga chumvi kwenye pilau ya harusi. Kufika ya tatu alikuwa mwembamba, tena karani wa kuchapa, tena ana mwanya, na mimi mwanya ninao. Nilipomuuliza kulikoni, alinitazama kwa huruma akaniambia nisijipendelee, wembamba ulimwenguni ni wengi.

Nilikuwa mchapaji kwenye ofisi ya chama kimoja cha korosho pale Kibiti, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao na chama kikabaki na mizani, mashine ya chapa na mimi. Watu wote waliona ofisi imekufa. Mwalimu peke yake ndiye aliyeona mashine imepata nafasi. Alikuja mchana mmoja na rundo la karatasi za mitihani ya zamani, nyuma ya kila karatasi ameandika kwa penseli hadithi ya mapenzi, akaniomba niikate stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia. Meneja wangu alikubali kwa sharti kwamba aisome kwanza ahakikishe haina siasa. Tangu siku hiyo alikuwa akinisimamia begani kila asubuhi ajue kama bibi harusi ameshaolewa.

Shule ya msingi ilikuwa na walimu wengine, nao wakiitwa kwa majina yao. Yeye aliyefundisha sayansikimu ndiye aliyeitwa Mwalimu basi, na mtu akisema "Mwalimu kapita" hakuna aliyeuliza yupi. Alikuwa mwanamke mnene. Nalitumia neno hilo kwa sababu mwenyewe alilitaka hilo na si jingine. Ukimwambia ana mwili, alikujibu kwamba mwili hata mbuzi anao. Ukisema ana afya, alikuuliza wewe unaumwa nini. Mnene, alisema, ni neno zuri, linajaza mdomo, na waliolifanya tusi ni watu wenye midomo midogo.

Enzi za upungufu wa nguo, khanga zikija dukani kwa mgao, kila mama alipewa doti moja. Wenye umri wangu wanakumbuka siku Mwalimu alipofika mbele ya foleni, akaishika ile doti, akaifungua, akajipima hadharani. Mwenye duka akamwambia sheria ni usawa. Mwalimu akanivuta mimi niliyekuwa nyuma yake, akanizungushia ile khanga, ikanizunguka na kurudi. Akauliza usawa uko wapi, huyu anafungwa kama mzigo na mimi inanifunika upande mmoja, ule upande wa pili nimwachie nani. Hakupewa doti ya pili, ila foleni nzima ilikuwa upande wake.

Ndiyo maana mambo yalipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa, wengine wakasifia sukari na sabuni, yeye alisifia mitumba. Katika robota la kwanza lililofumuliwa pale stendi alikuta gauni la buluu lenye maua, kubwa kuliko yeye mwenyewe. Alilishika mikononi muda mrefu. "Huko kuna mwenzangu," alisema. Kisha akasema kwamba kama mwenzake amelitupa likiwa zima, basi huko yako mengi, na hayo ndiyo maendeleo. Alilivaa gauni lile kwenye harusi na kwenye matanga, na siku za Ijumaa alimwombea dua aliyelivaa kwanza.

Hadithi zake zilikuwa za mji mdogo wa barabarani ambao hakuutaja jina, ila una machungwa, una stendi ambayo mabasi ya kusini husimama watu wanunue korosho, una msikiti wenye bati jipya upande mmoja na kuukuu upande wa pili, na mtu wa Kibiti akisoma alijua hata ni mwembe gani umeangushwa na upepo. Mwanamke wa hadithi alikuwa mnene, mwenye kazi yake, na katika sura ya kwanza lazima ale akashiba. Hilo Mwalimu hakulibadilisha kamwe. Alisema amechoka na wanawake wa hadithi wanaopendwa wakiwa na njaa.

Busu hakuna. Mapenzi yake yalikuwa ya kupakuliana. Mwanamume akimpenda mwanamke alimsogezea paja la kuku bila kusema neno, naye akalipokea bila kusema neno, na hapo wanawake wa Kibiti walishika vifua. Taa ikizimwa imezimwa, sura inayofuata ni asubuhi watu wanakunywa chai na vitumbua. Shehe wa msikiti wa stendi alipelekewa kitabu na mtu mmoja mwenye choyo ili akikemee. Alikaa nacho wiki, akakirudisha akisema hakuona haramu, ila ameona njaa, na akauliza kama kuna kingine.

Alipopata kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam kilichokubali kumpigia chapa kitabu chenye jalada la rangi, kililetwa na basi kikiwa na picha ya msichana mwembamba kama mimi, amelegeza shingo. Mwalimu alipanda basi kesho yake. Nilikwenda naye, kwa sababu alitaka shahidi. Mwenye kiwanda, kijana mstaarabu, alieleza kwamba tatizo si ubaya, tatizo ni nafasi: akichora mwanamke kama anavyoelezwa ndani, jina la kitabu halitakuwa na pa kukaa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi ondoa jina," akasema. Ndivyo kilivyotoka, mwanamke ukurasa mzima kutoka ukingo hadi ukingo, na jina limeandikwa mgongoni kwa herufi ndogo, *Nani Kasema Nimeshiba*. Wauza machungwa wa stendi walikiuza kwa jina la Yule Mnene na hakuna aliyepotea.

Darasani alikuwa mtu mwingine. Alichora ubaoni makundi ya vyakula, akaonya juu ya mafuta na sukari kwa sauti ya kutisha, na wasichana wakaandika. Mapumziko ukimfuata stoo ya jiko la shule ulimkuta na sahani ya vitumbua juu ya mapaja. Ukimtazama, alikwambia ile ilikuwa nadharia. Siku moja alimkamata msichana wa darasa la saba akisoma kitabu cha mapenzi chini ya dawati. Kilikuwa chake mwenyewe, na alijua ni chake. Alimchapa kwa uvivu, akakichukua, na walipofika ofisini akamuuliza amefika wapi na je, pale mtoni palimgusa. Msichana alisema palimgusa sana. Akarudishiwa.

Aliwakataza vijana kufuatana, na alikuwa wa kwanza kujua nani anamfuata nani. Aliwaambia wanawake wasivumilie mume mbaya, na ndugu yake mmoja na mkewe walipotaka kuachana aliwafungia chumba kimoja na chungu cha wali mpaka wapatane. Wasichana walipoanza kunywa siki na ndimu ili wapungue, baada ya mashindano ya ulimbwende kuletwa kwenye ukumbi wa stendi, Mwalimu alikwenda kuyatazama, akakaa mstari wa mbele. Mshindi alipopita kwa madaha, tukamsikia Mwalimu akimwambia mwenyekiti wa kamati kwamba yule mtoto apewe uji. Mimi niliyekaa pembeni yake nilijiinamia.

Lakini nimeanza na kicheko, na ipo sababu ya hadithi zile ambayo haikuwa ya kuchekwa. Mwalimu alikuwa ameachika. Karani mmoja wa Utete alimposa bila kumwona, kwa sifa za ukoo na za mapishi, kama ilivyokuwa kawaida. Walipomwingiza chumbani siku ya harusi ndipo akamwona. Alikaa naye mwaka na ushei, akamrudisha kwao, na sababu aliyowapa wazee ni kwamba nyumba imekuwa ndogo. Wazee wakacheka. Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia, na aliwasikia wote, pamoja na baba yake.

Aliniambia hayo mara moja tu, mchana, ofisini, nikiwa napuliza wino wa kusahihishia stensili. Alisema hakuumizwa na yule bwana kama alivyoumizwa na kicheko. Alichokitaka tangu hapo kilikuwa kimoja: aone kwa macho yake mwanamume anayemtaka mwanamke mnene akiwa amemwona, mchana kweupe, si kwenye karatasi. Pale stendi walikuwa wakimtania kwamba mabwana wake wote ni wa karatasi. Naye akicheka pamoja nao. Mimi nilijua hachekeshwi, na nilikuwa nikiwachukia kwa niaba yake.

Sasa nije kwenye posa.

Katika kitabu chake cha kwanza, *Mlango Upanuliwe*, kile tulichokidurufu wenyewe na kukishona kwa uzi, kulikuwa na mama mnene mwenye mgahawa aitwaye Sikudhani, na mkata boriti wa huko kwenye mikoko aliyempenda. Mkata boriti hakujua kusema. Alichofanya ni kumjengea dungu shambani kwake, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa bondeni hukaa msimu wa mpunga kulinda ndege na nguruwe na kukwepa maji. Kwa mtu mnene dungu ni aibu yake ya kila mwaka, maana ngazi hulia na wenzake wakiwa chini hunyamaza kusikiliza. Yule bwana alijenga ngazi isiyolia. Kurasa nzima zilieleza nguzo na vidato, na kuna wanawake waliozijua kwa moyo.

Nakala moja ilifika Mbwera, kule visiwani, na ikasomwa kwa sauti mahali wanapopakia boriti. Sasa kule karatasi ya kudurufu ilikuwa inaletwa na jambo moja tu, nalo ni tangazo: chanjo, mbegu, mkutano. Hakuna aliyewahi kuona karatasi ya namna hiyo ikitunga. Mkata boriti mmoja, aliyefiwa na mkewe, alisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wa kitabu hicho mapenzi hayajakamilika, kwa sababu stensili zilituishia. Akaelewa kwamba yule mama bado hajaolewa. Akatuma wazee.

Walifika na mashua hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti, wazee wawili wenye kanzu safi na kapu la kamba wakavu. Wakauliza stendi kwa Bi Sikudhani. Wauza machungwa, kwa ubaya wao, wakawaelekeza kwa Mwalimu. Mimi nilikuwa barazani naye tukisahihisha. Baada ya salamu ndefu yule mkubwa akasema wamekuja kwa heri, wanaomba kuonana na wazee wa Bi Sikudhani.

"Mzee wake ni mimi," alisema Mwalimu, na kweli hakudanganya.

Kapu likasogezwa. Ndipo akaona jambo limekuwa kubwa, akaanza kuwaeleza kwa sauti ya darasani kwamba Sikudhani ni wa hadithi, hayupo.

"Amefariki?" aliuliza yule mzee, akainua mikono kuomba dua.

"Hapana, baba. Hakuzaliwa."

Wazee wakatazamana. Mdogo wao akauliza mgahawa je, Mwalimu akasema hakuna mgahawa. Akauliza ule mwembe ulioanguka, maana wameupita wakauona. Mwalimu akakubali kwamba mwembe upo. Mkubwa akashika tama. Alisema yeye ni mtu mzima, ametumwa posa nyingi, amekataliwa, ameambiwa binti ana mchumba, binti ni mgonjwa, binti yuko masomoni. Hajawahi kurudi kwa mtu na kumwambia binti hakuzaliwa. Atalisemaje? Akamtazama Mwalimu, akalitazama lile gauni la buluu, akatazama namna alivyoijaza ile baraza.

"Na weye, Mwalimu," akasema taratibu, "si umeshazaliwa?"

Mwalimu aliinuka, akaingia ndani, tukasikia akinawa uso kwa kata ya maji. Aliporudi uso ulikuwa umekauka na sauti imekuwa kali. Aliwaambia haolewi na mtu aliyemfuata mwingine. Na kama huyo bwana anadhani anajua anachokitaka, aje mwenyewe amwone kwanza. Mzee akasema mposaji haji, si desturi. Mwalimu akajibu kwamba wa kwanza aliifuata desturi yote. Kisha akaongeza sharti, kwa hasira nadhani, ili wakatae. Shamba la mama yake liko Mkongo, bondeni, na dungu lake limeoza. Ajenge jingine. Kama alivyosomewa.

Alikuja. Tulitarajia pande la mtu, akashuka kijibwana kikavu, mwembamba kunishinda mimi, ana panga na kifurushi. Alimwamkia Mwalimu, akamtazama toka juu hadi chini bila haraka na bila haya, kama anavyotazama mti kabla hajaugusa. "Ndiye," akasema, akauliza njia ya Mkongo.

Boriti alizileta za msinzi, mti mgumu wa mikoko, kwa mashua na kwa mabega. Nusu ya wanawake wa Kibiti walipata ghafla jamaa wa kuwatembelea bondeni. Siku ya kupanda tulikuwa tumesimama kwenye tuta kama watu wa maulidi, na wale waliokuwa wakimwita Mwalimu mke wa makaratasi walikuwa mbele. Mwalimu alikuwa amevaa khanga mbili mpya. Alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ikilia tu, anarudi nyumbani na haandiki tena.

Kidato cha kwanza kilinyamaza. Cha pili kilinyamaza. Cha tatu hakikulia pia. Kilivunjika, na Mwalimu akashuka kwa makalio mpaka kwenye tope la mpunga.

Mtu mmoja alicheka, akaziba mdomo. Mwalimu hakuinuka. Alimtazama yule bwana kama mtu aliyekuwa akijua tangu mwanzo, akamwambia, "Umeona?"

Yule bwana hakumkimbilia. Aliokota kidato kilichovunjika, akakigeuza, akakipima kwa vidole, na alikuwa amekasirika. Alisema miti yake haijawahi kumwangusha mtu. Amekata kama ilivyoandikwa, unene wa kifundo cha mkono, hakuongeza hakupunguza, na anayetakiwa kueleza ni aliyeandika.

Hapo mimi nikakumbuka. Kwenye penseli yake ya kwanza Mwalimu alikuwa ameandika unene wa paja la mtoto. Nilishaikata stensili, akaja mbio kunisimamisha, akanifanya nipulize wino na kuandika kifundo cha mkono. Nilidhani ni urembo wa lugha. Kumbe Sikudhani, yule mnene anayesifiwa kutoka stendi hadi visiwani, alikuwa mdogo kuliko yeye. Hata kwenye karatasi yake mwenyewe, ambako hakuna wa kumcheka, alijipunguza.

"Mbona ulimpunguza?" yule bwana aliuliza, sasa bila hasira.

"Niliogopa hakuna atakayemtaka," alisema Mwalimu akiwa ndani ya tope, mbele ya watu wote, na sauti haikutetemeka.

Bwana akachuchumaa mbele yake. Akamuuliza ana kilo ngapi, kama fundi anavyouliza, kwa kuwa kazi inahitaji kujua. Mwalimu, ambaye zahanati nzima haikuwahi kumpandisha kwenye mizani, akaitaja idadi yake. Aliitaja kwa sauti, tukaisikia sote kwenye tuta. Siiandiki hapa, maana hakuwa anatuambia sisi. Bwana akaitikia kwa kichwa, akachukua panga lake, akarudi kwenye boriti. Alasiri Mwalimu alipanda ngazi mpya mpaka juu, akakaa, akatutazama kule chini tulikokuwa, akasema kwamba sasa anaona vizuri ni akina nani waliocheka.

Waliishi Kibiti na Mkongo, kufuatana na mpunga. Bwana hakuwa msemaji, na mara zote nilizowatembelea sikumsikia akimsifia mkewe hata siku moja. Alipanua mlango wa jiko. Mwalimu aliendelea kuandika, wanene wake wakawa wanene kwelikweli, na mbaya akaendelea kuwa mwembamba, ila sasa akipewa mume mwisho wa kitabu, mwembamba mwenziwe, nikachukulia kwamba ni salamu zangu.

Chama kilipofungwa nilihamia Mbagala, kwenye duka la kuchapa kwa kompyuta. Tulipotezana miaka. Nilikuja kumwona mara ya mwisho hospitalini Utete, nilipokwenda kumjulia hali shangazi yangu. Nilikuwa napita ukumbini asubuhi, pembeni ya benchi alikokaa mama mmoja mkondefu, nikasikia, "Unanipita kama umetumwa, mdogo wangu?"

Sauti ilikuwa yake. Mwenyewe nilimtafuta ndani ya gauni. Ilikuwa sukari, aliniambia, sasa ni mwaka wa pili, na mwili umeondoka taratibu kama mgeni mwenye adabu. Watu wanampongeza, wanamwambia amependeza, na kila anayempongeza anatamani amtie kofi. Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha akanishika mkono kama alivyonishika siku ile kule tutani.

Aliniambia anaogopa. Si ugonjwa, ugonjwa una dawa. Yule bwana alitoka Mbwera kumfuata mwanamke mnene, akavuka maji, akabeba miti. Aliyekuja kumfuata hayupo tena. "Kila asubuhi namtazama usoni," alisema, "nione kama ameshajua." Nikamuuliza bwana mwenyewe anasemaje. Akasema hasemi kitu, na hilo ndilo linalomtisha. Nilihisi uchungu, na pia nilihisi aibu ya wembamba wangu, kana kwamba nimemwambukiza.

Bwana akaja kutoka dirisha la dawa na bahasha mkononi. Mvi zilikuwa zimemjaa, ukavu ni uleule. Akanisalimu, akauliza watoto, akakaa. Benchi lilikuwa refu. Yeye alikaa kwenye ukingo kabisa, nusu yake nje, mguu mmoja ameukaza sakafuni asianguke, na kati yake na mkewe kukabaki nafasi ya mtu mzima. Nilielewa kwamba ndivyo alivyozoea kukaa miaka yote, na mwili wake haukuwa umeambiwa habari.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaja, amechoka, anatafuta pa kukaa. Akaionyesha ile nafasi.

"Samahani baba, hapa pana mtu?"

Bwana akaitazama nafasi, akamtazama mkewe.

"Pana mtu," alisema.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akaitazama tena nafasi. Mimi nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Mwalimu alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Bwana wee," akamwambia alipoweza, "mbona nimekonda? Huoni?"

"Naona," alisema. "Nafasi ni yako."

Mwalimu akakusanya gauni lake, akasogea, akasogea tena, mpaka bega lake likamgusa mumewe. Akamgeukia yule mama akamwambia karibu mwanangu, ukae. Yule mama akamfungua mtoto mgongoni, akakaa.